Kamera ya Joto Kwenye Mpaka wa Serengeti

Tembo wanaovuka kutoka Serengeti kuingia mashamba ya Bariadi, Itilima, Meatu na Busega huchagua usiku. Mchana hujificha porini. Giza likiingia wanatoka, na kabla ya kupambazuka mtama uliolimwa msimu mzima umekwisha. Wenye mashamba hukesha na tochi na madebe, wakimtafuta kwa masikio mnyama wa tani kadhaa ambaye hutembea bila kishindo. Katika mkoa wa Simiyu, unaopakana na hifadhi hiyo na kulibeba Pori la Akiba la Maswa, jambo hili si habari mpya kwa mtu yeyote.

Chombo kinachoweza kusaidia kilizaliwa vitani. Mwaka 1945, Vita Kuu ya Pili ikielekea ukingoni, baadhi ya askari wa Ujerumani walibeba bunduki zilizofungwa kifaa kiitwacho Vampir: taa ya miale ya infraredi, ambayo jicho la binadamu haliioni, pamoja na darubini inayoigeuza miale hiyo kuwa picha. Wamarekani nao walitumia chao kule Okinawa. Kasoro yake ilikuwa kubwa. Adui mwenye kifaa kama hicho aliiona taa yako kabla hujamwona yeye, na betri ilibebwa mgongoni.

Vita vya Vietnam vilileta darubini isiyohitaji taa. Fotoni za mwanga wa nyota huangukia utando maalumu na kung'oa elektroni, jambo ambalo Albert Einstein alilieleza mwaka 1905. Elektroni hizo husukumwa na umeme wa maelfu ya volti hadi kwenye kioo cha fosfori, na hapo hugeuka tena kuwa mwanga, sasa ukiwa umeongezeka kama mara elfu moja. Lakini darubini hiyo ilikuwa ndefu na nzito mno kuvaliwa usoni. Kilichoiwezesha kuvaliwa ni sahani ya kioo isiyofika unene wa milimita moja, yenye mamilioni ya matundu ya kipenyo cha karibu mikromita 10. Elektroni moja ikiingia tunduni hugonga ukuta na kutoa nyingine, nazo zikagonga zikatoa nyingine, hadi maelfu yanatokea upande wa pili. Hivyo ndivyo miwani ya usiku ilivyowafikia marubani na askari wa miguu katika miaka ya 1970. Baadaye utando wa galiamu aseinaidi ukapandisha ukuzaji huo hadi makumi ya maelfu. Picha yake ya kijani haikuja kwa bahati: jicho letu hutofautisha vivuli vya kijani vizuri kuliko rangi nyingine.

Hata hivyo, kwa mkulima wa Simiyu miwani hiyo haitoshi. Inakuza mwanga uliopo. Mwezi ukikosekana na mawingu yakitanda, au tembo akisimama chini ya miti, haina cha kukuza.

Kamera ya joto haitegemei mwanga kabisa. Kila kiumbe hutoa mionzi yake, na kwa joto la mwili mionzi hiyo ina nguvu zaidi karibu na mikromita 10. Kioo cha kawaida huizuia, ndiyo maana lenzi yake hutengenezwa kwa gerimani, na hilo huongeza bei yake. Nyuma ya lenzi kuna vipande vidogo mno vya oksidi ya vanadi. Kila kimoja kikipata joto, ukinzani wake wa umeme hubadilika, na mabadiliko hayo huchora picha. Kampuni ya Honeywell iliunda kihisi hicho miaka ya 1980 chini ya siri ya jeshi la Marekani. Siri ilipoondolewa mwaka 1992, njia ya matumizi ya kiraia ikafunguka.

Mwaka 2016 shirika la uhifadhi la WWF na kampuni ya kamera za joto ya FLIR walitangaza matumizi ya kamera hizo Kenya: kamera juu ya gari la doria Maasai Mara, upande wa pili wa ikolojia hiihii ya Serengeti, na nyingine za kudumu katika hifadhi nyingine. Majangili zaidi ya 20 walikamatwa Mara. Januari ya mwaka huohuo, katika Pori la Akiba la Maswa, rubani Roger Gower alipigwa risasi na majangili akiwa ndani ya helikopta yake akiwafuatilia waliokuwa wameua tembo, akafariki. Kumwona mwenye silaha ukiwa mbali ni suala la uhai kwa askari wetu wa wanyamapori.

Kamera hii ina mipaka yake. Haipenyi majani mazito, mvua huidhoofisha, na saa za kwanza za usiku wa kiangazi mawe na ardhi bado vina joto la jua, hivyo mnyama hupotea kati yake. Hufanya kazi vizuri zaidi kuanzia usiku wa manane, ardhi ikishapoa, wakati ambapo walinzi wa mashamba wamezidiwa na usingizi. Ndiyo maana, ikipatikana kamera moja tu, ningeifunga kwenye mnara kando ya njia ya tembo inayoelekea mashambani, ipeleke taarifa kwenye simu za wanakijiji na za kituo cha askari kwa pamoja, kabla ya kuifikiria doria.