Kabla ya kununua kiti cha ngozi cha zamani, kipindue kwanza

UMEHAMIA ‘keja’ yako ya kwanza. Mshahara umeingia mara tatu nne hivi, godoro lipo, mtungi wa gesi upo, na sasa kila anayekutembelea anauliza swali lile lile: viti utanunua lini?

Presha hiyo ndiyo inayowasukuma vijana wengi kuingia dukani na kutoka na seti ya watu saba ya ‘leather’ kwa mkopo. Siku inapoletwa inang’aa kama gari jipya. Baada ya miaka michache inaanza kubambuka, vipande vyeusi vinawaganda wageni kwenye suruali, na pengine deni lenyewe bado halijaisha.

Kuna njia nyingine ambayo baadhi ya vijana wameanza kuifuata: kununua kiti kimoja au viwili vya ngozi vya zamani, vile vya miguu myembamba na mgongo uliolala kidogo, vilivyotengenezwa kati ya 1945 hivi na mwisho wa miaka ya sitini. Picha zake zimejaa Instagram na Pinterest. Ni viti vizuri, na kikiwa kizima unaweza kukaa nacho miaka mingi. Lakini si kila kilichozeeka ni dhahabu. Kuna kilichozeeka vizuri, na kuna kilichochoka tu.

Ukitaka kutofautisha hivyo viwili, acha kutazama mng’ao. Tazama ngozi yenyewe, kisha kipindue utazame mifupa.

Mtindo wenyewe ulitoka wapi

Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, watu wa Ulaya na Marekani walikuwa wakianza maisha upya, wengi katika nyumba ndogo. Makochi makubwa yaliyochongwa maua hayakufaa tena. Wabunifu wakaja na viti vyepesi, mbao zinazoonekana, na ngozi isiyofichwa chini ya mapambo.

Denmark iliongoza. Mwaka wa 1958 Børge Mogensen alitoa kiti alichokiita Spanish Chair, cha mbao za mwaloni na kipande kinene cha ngozi kama ile ya matandiko ya farasi. Ngozi hiyo imefungwa kwa vifungo kama vya mshipi, ili ikilegea kwa kukaliwa uikaze tena. Mwaka huo huo Arne Jacobsen alibuni kiti cha umbo la yai kwa ajili ya hoteli ya SAS jijini Copenhagen. Marekani nako, Charles na Ray Eames walikuwa wametoa kiti chao cha kupumzikia mwaka wa 1956, cha mbao zilizopindwa kwa joto na mito ya ngozi.

Na kuna kimoja kinachobeba neno letu. Kaare Klint, Mdenmark, alibuni kiti cha Safari mwaka wa 1933, na kikaendelea kutengenezwa na kupendwa katika miongo iliyofuata. Alifuata mfano wa viti vya kukunjua vya maafisa wa jeshi la Uingereza kule India, aina ile ile iliyobebwa na wageni waliokuja kuwinda Afrika Mashariki. Hakina gundi wala skrubu. Miguu inaingia kwenye matundu ya mbao, mikanda ya ngozi inakaza kila kitu, na uzito wa anayekaa ndio unaokishikilia. Ukihama, unakifungua na kukibeba mkononi. Kwa mtu anayehama nyumba kila mwaka Nairobi, hilo si jambo dogo.

Jambo moja linaviunganisha viti hivi vyote: vilitengenezwa kwa namna ambayo fundi anaweza kuvirekebisha. Hilo ndilo unalolipia, wala si jina.

Ngozi au plastiki?

Neno ‘leather’ dukani lina maana nyingi kuliko unavyodhani. Ipo ngozi halisi yenye tabaka lake la juu, ambayo hudumu kuliko zote. Ipo ya tabaka la chini, iliyopakwa rangi nzito juu. Ipo ya vumbi na vipande vya ngozi vilivyosagwa na kuunganishwa kwa gundi. Halafu ipo ambayo haina ngozi hata kidogo, ni kitambaa kilichopakwa plastiki. Hizi mbili za mwisho ndizo zinazobambuka. Zikianza, hakuna mafuta wala fundi atakayezirudisha.

Usidanganyike na muuzaji anayewasha kiberiti kukuonyesha kwamba haiungui. Hata ngozi halisi iliyopakwa rangi nzito inaweza kutoa harufu ya plastiki, na wewe utabaki na alama ya moto kwenye kiti chako. Fanya hivi badala yake.

Tafuta ukingo usioshonwa, kwa kawaida chini ya kiti au ndani ya zipu ya mto. Upande wa nyuma wa ngozi halisi una nyuzinyuzi kama suede. Ukiona kitambaa kilichofumwa, hiyo ni bandia. Kisha bonyeza kwa kidole. Ngozi halisi hukunjamana taratibu kuzunguka kidole, ilhali plastiki hubonyea tu na kurudi. Tazama vinyweleo pia. Vya ngozi havilingani, na huenda ukaona kovu la kupe, mkwaruzo wa waya au chapa ya moto ya mwenye ng’ombe. Makovu hayo yasikutishe. Kitu kisichokuwa na doa hata moja, chenye vinyweleo vilivyopangwa kama safu za mahindi, kimetoka kwenye mashine.

Halafu soma nyufa. Mikunjo midogo na rangi iliyofifia pale mikono inapopumzika ni uzee wa kawaida. Mshono uliofumuka pia si tatizo, fundi ataushona. Lakini ukikunja ngozi kidogo ukaona ufa unaopita hadi ndani, nyuzi zake zimekatika. Mafuta hayatauponya. Utalazimika kubadilisha ngozi ya sehemu hiyo, na gharama hiyo uitoe kwenye bei kabla ya kulipa.

Kipindue

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwenye viti, hicho kipande cha mti ndicho unachonunua.

Shika kona moja ya mbele na uiinue kiasi cha shibiri. Mguu wa pili wa mbele ukiinuka karibu papo hapo, fremu ni imara. Ukibaki chini huku kiti kikijipinda, viungo vimelegea. Viungo vya mbao vilivyoingizwa kimoja ndani ya kingine na kutiwa gundi vinaweza kufunguliwa, kusafishwa na kugundishwa upya. Misumari iliyoongezwa baadaye ni ishara kwamba mtu aliharakisha, na mara nyingi huwa imepasua mbao.

Sasa kipindue miguu juu. Mashimo madogo ya duara na unga laini wa mbao unaoanguka ukigonga ni kazi ya wadudu. Usikiingize nyumbani kabla hakijatibiwa. Pitisha tochi ya simu kwenye mishono na pembe ukitafuta kunguni na madoa yao meusi. Nusa pia. Harufu ya ukungu, hasa kwa kiti kilichotoka Mombasa, Malindi au ghala lenye unyevu, haitoki kwa urahisi.

Viti vingi vya Denmark vya miaka ya hamsini na sitini vilifungwa mikanda ya mpira chini ya mto. Mpira huo hukauka na kukatika, kwa hivyo ukiona imelegea kama mshipi wa suruali kuukuu, usishtuke. Ni kazi nafuu. Sponji ya zamani nayo huwa unga. Ukiminya mto ukasikia kitu kinasagika ndani, hesabu sponji mpya. Mikanda, sponji na mishono ni vitu vya kubadilishwa. Mbao iliyooza au iliyopasuka mahali pa kubebea uzito ni sababu ya kuondoka.

Usichezwe shere na jina

Kiti cha Eames ndicho kinachoigwa sana. Nakala si dhambi iwapo unauziwa kama nakala, kwa bei ya nakala. Tatizo ni kulipia jina ambalo halipo. Angalia miguu: kiti halisi kina miguu mitano na stuli yake ina minne. Mgongo wake haulazwi kwa kuvuta mkono wa chuma, pembe yake haibadiliki. Nyuma ya mbao za mgongo huoni vichwa vya skrubu, kwa sababu zimeshikiliwa kwa vipande vya mpira vilivyogundishwa kwa ndani. Vipande hivyo navyo huzeeka na kuachia, kwa hivyo hata ukikutana na kiti halisi, uliza kama vimewahi kubadilishwa.

Anayetaka kuagiza kutoka nje akumbuke jambo jingine. Viti vingi vya enzi hiyo vilitumia mbao za rosewood ya Brazil, mti ambao biashara yake ya kimataifa imewekewa vikwazo vikali tangu 1992. Bila karatasi zinazofaa, kiti chako kinaweza kukwama forodhani.

Lakini ukweli ni kwamba huhitaji jina la mzungu. Mafundi wa hapa nyumbani wa enzi hiyo walitengeneza viti vya mvule na Elgon teak kwa ajili ya ofisi, vilabu na nyumba za watu. Vingine bado viko ushago, sebuleni kwa babu, vikiwa vimefunikwa vitambaa vya kushona. Zungumza na mzee kwanza, kwa heshima. Asipotaka kukupa, angalau utajua kiti kizuri kinavyohisi ukikikalia.

Kinginecho, fuatilia minada, na wageni wa mashirika na balozi wanaouza vyombo vya nyumba wanapohama nchi. Usitume pesa kwa picha pekee. Mwambie muuzaji akuonyeshe chini ya kiti kwa video, na ukifika, lipa baada ya kukikagua.

Pima mwili, pima mlango

Viti vya mtindo huu huwa chini. Kwako wewe wa miaka 25 ni raha tupu. Mama akija na magoti yake yanayouma, kuinuka kutakuwa kazi. Kaa dakika 10 nzima kabla ya kuulizia bei, uinuke bila kushika mikono ya kiti, uone.

Kisha tepu. Pima mlango wako, pima kona ya ngazi, pima nafasi itakayobaki ya kupita. Kochi la watu watatu linaweza kuingia vizuri kwenye picha likakataa kuingia ghorofa ya nne kule Roysambu.

Hesabu yenyewe

Tuseme umeona kiti cha Sh25,000. Usiulize tu kama unazo. Uliza fundi atachukua ngapi kwa mikanda, sponji na mishono. Akisema Sh10,000, kiti chako ni cha Sh35,000, na hiyo ndiyo bei ya kulinganisha na vingine. Ukiweza, nenda na fundi wa viti siku ya kukikagua na umlipe muda wake. Ataona kwa dakika tano kile ambacho wewe utakiona baada ya miezi mitano.

Kubadilisha ngozi yote ndiko kunakouma mfuko. Ngozi huuzwa kwa futi ya mraba, na ya ng’ombe mmoja haitoshi kochi la watu watatu. Kwa mto mmoja au mkono wa kiti, hata hivyo, kipande kinatosha. Soko la Kariokor jijini Nairobi lina mafundi wa viatu na mikoba ambao ngozi ndiyo mkate wao, na ni mahali pazuri pa kuanza kuuliza.

Kikishafika nyumbani, hakitaki mengi. Kiweke mbali na dirisha linalopigwa na jua la mchana. Kipanguse vumbi kwa kitambaa kikavu kila wiki, na ukipake mafuta maalumu ya ngozi mara mbili hivi kwa mwaka, baada ya kujaribu kidogo mahali pasipoonekana. Mafuta ya kupikia yatachacha na kunuka. Rangi ya viatu itahamia kwenye nguo za wageni. Dawa ya kung’arishia nguo nyeupe itaiua ngozi kabisa.

Na wale wanaouliza viti utanunua lini? Wakaribishe. Anayekuja kwanza apewe kiti, wengine mkeka na mito. Hakuna sheria inayosema sebule ya kijana lazima ijae siku moja. Nunua kimoja mwaka huu, kwa pesa zako, kisichokuamsha usiku kuwaza malipo ya mwisho wa mwezi. Cha pili kitakuja chenyewe, na utakapokiona utajua pa kutazama: chini.