Ukiwa mkiani mwezi Julai, nunua waliokataliwa

Julai 2021 Atlanta Braves, timu ya besiboli ya Marekani, walikuwa taabani. Nyota wao, Ronald Acuña Jr., aliumia goti tarehe 10 na msimu wake ukaishia hapo, na tangu mechi za kwanza timu haikuwahi kuwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Bosi wa usajili, Alex Anthopoulos, hakutafuta nyota mwingine wa bei mbaya. Alikusanya wanne ambao wenzake walikuwa radhi kuwaachia: Joc Pederson, Adam Duvall, Jorge Soler na Eddie Rosario. Soler alikuwa na wastani wa kupiga wa 0.192, aibu tupu. Rosario alifika akiwa majeruhi, na Cleveland waliomtoa wakapewa Pablo Sandoval, ambaye walimwacha papo hapo.

Braves wakatwaa ubingwa mbele ya Houston Astros. Mchezaji bora wa fainali hiyo? Soler.

Somo hilo linawahusu zaidi wanaoendesha timu za kubuni, yaani besiboli ya fantasi. Mchezo huu uliasisiwa New York mwaka 1980 na Daniel Okrent na rafiki zake waliokuwa wakila kwenye mgahawa wa La Rôtisserie Française, na mtindo wao unaitwa rotisserie mpaka leo. Unachagua wachezaji halisi, na wanachokifanya uwanjani kinahesabiwa kwako. Wewe uliyezoea fantasi ya Ligi Kuu ya England utashangaa jambo moja: kule kila mtu anaweza kuwa na Haaland, ila huku mchezaji ana mwenyewe mmoja katika ligi yenu. Ukimtaka, ukapatane na huyo mwenyewe.

Na kwenye kupatana ndiko walio mkiani hujimaliza. Mpigaji wa gharama akiboronga miezi miwili, mwenye timu hupandwa na hasira akamtoa kwa bei ya kutupa. Angetazama kwanza mipira yake inaishia wapi. Katika ligi kuu ya Marekani, mpira uliopigwa ukabaki uwanjani humfikisha mpigaji kwenye besi takriban mara tatu kati ya kumi. Anayeipiga kwa nguvu zilezile lakini kila mara inatua kwenye glavu za wapinzani ana mkosi tu, kiwango hakijashuka. Huyo usimuuze. Wa namna hiyo mtafute kwa jirani aliyekata tamaa.

Halafu acha kutazama jumla ya pointi. Katika rotisserie ya watu 12, pointi hutolewa kwa kila kipengele cha takwimu: anayeongoza kipengele hupata 12, wa mwisho 1. Ukiachwa mbali kwenye homurani, yaani mipira inayopigwa ikatoka nje ya uwanja, yasamehe hayo. Kwenye kuiba besi, yaani kukimbilia besi inayofuata bila mpira kupigwa, huenda watu wanne wamekuzidi kwa besi chache tu, na mkimbiaji mmoja akakurukisha nafasi zote nne. Siku hizi wakimbiaji si adimu: tangu sheria zibadilishwe na besi kupanuliwa mwaka 2023, besi zilizoibwa zilipanda kutoka 2,486 msimu uliotangulia hadi 3,503.

Hata Agosti ikikukuta bado mkiani, tafadhali endelea kupanga kikosi. Timu iliyotelekezwa ikiwa bado imepanga majeruhi huwapa wengine pointi za bure, na wanaowania ubingwa hawakukukosea kitu.