Uchunguzi wa matiti kwa mikono

Uchunguzi wa matiti kwa mikono ni njia ya kutafuta dalili za saratani ya matiti ambapo mhudumu wa afya aliyefunzwa hutazama na kupapasa matiti na makwapa ya mwanamke. Njia hii haihitaji sindano, dawa wala mionzi, na inaweza kufanyika hata katika zahanati. Kwa sababu hiyo imejaribiwa katika nchi ambazo mashine za mamografia ni chache.

Namna unavyofanyika

Kwanza mhudumu hutazama kama ngozi imebonyea au imekuwa kama ganda la chungwa, na kama chuchu imeingia ndani au inatoa damu. Kisha hupapasa titi lote hadi kwapani kwa vidole vya kati, akitafuta uvimbe. Uvimbe mwingi si saratani. Anayeonekana na dalili hupelekwa hospitali kwa kipimo cha ultrasound, na kinyama kidogo huchukuliwa kupimwa maabara (biopsi).

Majaribio

Njia inayogundua uvimbe mwingi si lazima iwe inaokoa maisha. Mgonjwa aliyegunduliwa mapema huhesabiwa kuwa ameishi muda mrefu zaidi na ugonjwa, hata kama siku yake ya kufa haikubadilika. Kwa hiyo watafiti hulinganisha makundi mawili, lililochunguzwa na lisilochunguzwa, kisha huhesabu vifo.

Huko Shanghai, China, wanawake 266,064 walishiriki katika jaribio la kujichunguza wenyewe. Matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha kwamba waliofundishwa walifanyiwa biopsi nyingi zaidi za uvimbe usio saratani, lakini vifo havikupungua.

Huko Mumbai, India, jaribio lililoanza mwaka 1998 lilihusu wanawake zaidi ya 151,000 wenye umri wa miaka 35 hadi 64. Nusu yao walichunguzwa na wahudumu kila baada ya miaka miwili, mara nne. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kwamba katika kundi lililochunguzwa, 37% ya wagonjwa waligunduliwa katika hatua ya tatu au ya nne, dhidi ya 47% katika kundi lingine. Vifo vilipungua kwa takriban 30% kati ya wenye miaka 50 na zaidi, lakini kwa walio chini ya umri huo faida haikuonekana.

Katika jimbo la Gezira, Sudan, kati ya mwaka 2010 na 2012, wanawake wa kujitolea walichunguza wenzao zaidi ya 10,000. Kati ya 138 waliokutwa na dalili, 118 walifika hospitali, na 17 kati yao walikuwa na saratani. Wengine 20 hawakufika.

Tanzania

Nchini Tanzania wagonjwa wengi wa saratani ya matiti hufika hospitali wakiwa katika hatua ya tatu au ya nne, wakati tiba ni ngumu. Utafiti wa Twalib Ngoma na wenzake, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba wanavijiji waliofundishwa kutambua dalili za saratani wanaweza kusaidia wagonjwa kufika mapema zaidi.

Hata hivyo, uchunguzi ni mwanzo tu wa safari. Mwanamke wa Rahaleo, kata ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani, anaweza kupapaswa matiti karibu na nyumbani na kupewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa ya Ligula. Lakini akihitaji kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyopo Dar es Salaam, husafiri zaidi ya kilomita 500, akiwa na gharama za nauli na malazi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa mwaka 2021, halikuweka lengo la kugundua mapema pekee: linataka pia vipimo vikamilike ndani ya siku 60, na walau 80% ya wagonjwa wamalize tiba.