Ahame, Lakini Aseme Alikohamia

Huenda una mwana au ndugu Marekani anayesubiri kibali cha ukaaji wa kudumu, ile grini kadi. Miezi inapita, kodi ya nyumba inapanda, inambidi ahame. Anakuuliza kwa hofu: maombi yangu hayataharibika?

Kuhama si kosa. Kosa ni kuhama kimya. Sheria ya huko inamtaka mgeni aiarifu idara ya uhamiaji anwani yake mpya ndani ya siku 10. Kuarifu hakulipiwi, na hufanyika hata kwa intaneti. Asiitegemee posta peke yake. Wito wa kupiga alama za vidole ukienda nyumba ya zamani, naye asitokee, maombi yanaweza kuhesabiwa kuwa ameyaacha.

Wayahudi waliohamishiwa Babeli nao walisubiri miaka mingi. Katika sura ya 29, nabii Yeremia hakuwaambia wakae juu ya mizigo. Aliwaandikia wajenge nyumba, wapande bustani, na kuuombea amani mji waliomo. Barua ile ilipelekwa na Elasa na Gemaria, kwa watu waliojulikana wanakaa wapi.

Basi kusubiri kwa imani kuna kazi ndani yake. Leo baada ya ibada mpigie simu. Mwombee, kisha muulize: anwani umebadilisha? Mtaa mpya umepata kanisa?

Mungu anajua alikohamia. Ofisi haijui mpaka iambiwe.