Uzi: Gari la umeme la mtumba, na huo "msamaha wa kodi" unaotajwa kila mwaka

Kila Mswada wa Fedha ukisomwa, mmoja anasema kodi ya magari ya umeme imeondolewa. Mwingine anajibu kwamba hizo ni zawadi za matajiri wa Nairobi. Kila mmoja ana kipande cha ukweli. Tuangalie sheria, alafu turudi huku Ukambani tuone nani anafaidika.

Kwanza, Kenya hatuna mtindo wa Marekani. Kule, hadi Septemba 2025, ukinunua gari la umeme lililotumika lisilozidi dola 25,000 kutoka kwa muuzaji wa magari, na kipato chako kisipite kiwango fulani, ulipunguziwa hadi dola 4,000 kwenye kodi yako ya mapato. Kwetu, ukijaza ritani za KRA mwezi wa sita, hakuna mahali pa kuandika Nissan Leaf. Nafuu yetu hutokea bandarini, mara moja tu, gari likiingia nchini. Ukinunua Leaf ya jirani yako hapo Wote, tayari iko na namba za Kenya, KRA haikupi kitu. Akikupunguzia bei, hayo ni yenu wawili.

Nafuu yenyewe ni ya ushuru wa bidhaa. Sheria ya Fedha ya 2019 iliushusha kutoka asilimia 20 hadi 10, lakini kwa gari linaloendeshwa na umeme asilimia 100. Hapo ndipo wengi huanguka. Toyota Aqua ni haibridi, ina injini ya petroli ndani, kwa hivyo haihesabiwi.

Tufanye hesabu. Chukua gari ambalo thamani yake, pamoja na ushuru wa forodha, ni shilingi 1,000,000. Kwa asilimia 20 unalipa ushuru wa bidhaa 200,000, kisha VAT ya asilimia 16 juu ya jumla, yaani 192,000. Kwa asilimia 10 unalipa 100,000 na VAT 176,000. Tofauti ni 116,000. Si pesa ndogo, lakini "kuondoa kodi" ni kitu kingine kabisa. Forodha bado ipo, VAT ipo, ada ya reli ipo.

Halafu kuna umri. Gari la mtumba haliingii likiwa limepita miaka 8. Kwa petroli hiyo ni sawa, fundi atalishughulikia. Kwa gari la umeme, umri wa gari ndio umri wa betri, na sheria inauliza mwaka tu, haiulizi afya ya betri. Mbaya zaidi, kadiri gari linavyozeeka ndivyo KRA inavyolipunguzia thamani ya kutozwa ushuru. Yaani kodi yenyewe inakusukuma kwa betri iliyochoka! Leaf ya kilowati-saa 40 ikiwa mpya ilikadiriwa kwenda karibu kilomita 240 kwa chaji moja. Betri yake haipozwi kwa maji, na joto la Kibwezi na Mutomo mnalijua. Nairobi hadi Kitui ni kama kilomita 170. Kwenda utafika. Kurudi bila kuchaji ni maombi.

Kwa hivyo kwa maoni yangu, mjadala wa gari dogo hautuhusu sana huku. Unaotuhusu ni wa boda. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka VAT ya asilimia sifuri kwa pikipiki, baiskeli na mabasi ya umeme, na betri za lithiamu. Mswada wa 2024 ulitaka kugusa nafuu hiyo. Ukaondolewa Juni baada ya maandamano. Mswada wa 2025 ukapendekeza bidhaa hizo zitoke "sifuri" ziende "msamaha".

Maneno hayo mawili yanafanana masikioni tu. Kwa sifuri, anayeunganisha pikipiki anarudishiwa VAT aliyolipa kwa vipuri na huduma. Kwa msamaha harudishiwi, na gharama hiyo anaiweka kwenye bei. Risiti ya mwenye boda wa Emali haitaonyesha VAT yoyote, lakini ameilipa.

Upande wa pili nao una hoja. Kila lita ya petroli ina shilingi 25 za kutengeneza barabara. Boda anayechoma lita 3 kwa siku anachangia 75. Mwenzake wa umeme anapita barabara ileile bila kuchangia hiyo. Hoja ina uzito, na siku moja lazima ijibiwe. Lakini kupandisha bei ya pikipiki kabla watu hawajainunua ni kutoza barabara ambayo bado hawajaipita.

Mtu akija Mwingi aseme amewaondolea kodi magari ya umeme, muulize matatu. Kodi gani kati ya hizo? Ni sifuri au msamaha? Na pikipiki itachajiwa wapi kati ya hapo Mwingi na Kyuso?