Ganda la Chuma au la Shaba: Risasi Ipi ya Kuaminika?



Siku moja nilipita Maji ya Chai, nikaketi kwenye benchi la duka moja kandokando ya barabara ya Moshi. Palikuwa na ubishi. Mzee mmoja, askari mstaafu wa wanyamapori, alikuwa akiwaambia vijana kwamba risasi ni ya shaba, na kwamba ya chuma ni ya kubahatisha. Kijana mmoja akamjibu kwa adabu, "Shikamoo baba, lakini mbona hizi za chuma ndizo zinazotumika dunia nzima?" Walinigeukia mimi.

Ubishi huo si wa mchezo. Pale Maji ya Chai watu wanapakana na Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na nyati hawana habari na mpaka. Askari anayeitwa usiku kuwafukuza wanyama shambani hana nafasi ya kuvuta mtambo mara mbili. Risasi ikikataa, atakayelipa ni yeye.

Tuanze na kazi ya ganda. Baruti inapowaka, ganda hutanuka na kubana kuta za chemba, ili moto usirudi nyuma usoni mwa mpigaji. Kisha hunywea kidogo, nalo huvutwa nje. Shaba ya njano, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, hunywea vizuri. Chuma hunywea kidogo zaidi, kwa hiyo kinaweza kung'ang'ania ndani. Hapo mzee ana haki yake.

Lakini kijana naye hakukosea. Wakati wa Vita Kuu ya Pili shaba ilipokuwa adimu, Wajerumani walitengeneza maganda mengi ya chuma yaliyopakwa vanishi. Warusi nao walipobuni risasi yao fupi mwaka 1943, ganda lake walilichongoa, pana kitakoni na jembamba mbele. Umbo hilo huachana na kuta mara linapoanza kuvutwa. Bunduki zilizoundwa kwa risasi hiyo, ambazo polisi wetu huziita SMG na SAR, hula ganda la chuma bila taabu. Bunduki nyingine iliyozoea shaba inaweza kukwama kwa chuma. Basi swali la kwanza si chuma au shaba, bali bunduki hii iliundiwa risasi gani.

Swali la pili ni risasi hiyo imelala wapi miaka yote, maana risasi za akiba ya jeshi huwa na umri. Chuma adui yake ni kutu. Vanishi ikichubuka, unyevu huingia. Shaba haishiki kutu ile nyekundu, ila ina maradhi yake. Ukiiacha kwenye mkanda wa ngozi huota uchafu wa kijani. Tena kuna kubwa kuliko hilo. Karne ya 19, jeshi la Waingereza huko India liliona maganda ya shaba yakipasuka yenyewe majira ya mvua, hasa yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi. Mwaka 1921 wataalamu walieleza sababu: hewa ya amonia itokayo kwenye mkojo wa wanyama. Sasa fikiri nyumba zetu za Meru, banda la ng'ombe limeegemea ukuta wa stoo!

Historia yetu wenyewe inatufundisha zaidi. Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, iliyojifanya ya Denmark, ilishambuliwa na manowari ya Waingereza katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Wajerumani waliopoa shehena ya risasi zilizolowa maji ya chumvi. Walizifungua, wakakausha baruti, wakaziunga upya. Hata hivyo nyingi zilikataa kulia. Ganda la shaba halikuziokoa, kwa sababu kilichoharibika ni baruti na fataki ndani yake.

Fataki hiyo ndiyo kikulacho ki nguoni mwako. Risasi nyingi za zamani za jeshi, ziwe za chuma au za shaba, fataki zake huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi huvuta unyevu, na mtutu huliwa na kutu. Mafuta peke yake hayaitoi chumvi hiyo. Husuuzwa kwa maji ya moto kwanza, hukaushwa, ndipo hupakwa mafuta. Risasi zenyewe usizipake mafuta, kwani yakipenya huiua fataki.

Usidanganywe na rangi pia. Chuma kingine hupakwa shaba juu kikang'aa. Weka sumaku kwenye kitako cha ganda. Ikinasa, ni chuma.

Na risasi ikikataa? Mtutu ubaki umeelekezwa pasipo na mtu, uhesabu nusu dakika kabla ya kufungua. Nyingine huchelewa tu kuwaka, na ikiwakia mkononi ni balaa.

Wewe raia uliyeokota risasi kuukuu shambani, usiijaribu wala usiigonge. Ripoti polisi. Mabomu ya Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011 yalitufundisha kwa vifo kwamba zana za vita hazina urafiki na makazi ya watu.

Pale dukani niliwaambia hivi: mzee aitunze shaba yake mbali na zizi, na kijana asikiamini chuma kilichochubuka. Mzee akacheka, akasema, "Basi kumbe anayetegemewa ni mtunzaji." Nami sikuwa na la kuongeza.