Zaburi Moja kwa Siku

Mkesha wa mwaka mpya ukiisha, watu wa Bomet hurudi nyumbani usiku wa manane wamejitanda blanketi, maana Januari ya huku mchana ni ukavu, usiku ni baridi ya kung'ata. Kukipambazuka, chai ya maziwa ikiwa bado mekoni, Biblia inafunguliwa. Hesabu yake haina ugumu: Zaburi ziko 150, kila siku moja. Ukianza tarehe 1 Januari utamaliza tarehe 30 Mei. Mwaka mrefu, siku moja mapema.

Katika nyumba moja niliyowahi kulala, msomaji ni mjukuu wa darasa la sita na msahihishaji ni kogo, yaani nyanya yake, ambaye macho hayamsaidii tena. Mtoto husoma Kikalenjin kwa kujikwaa. Shuleni amezoea Kiingereza na Kiswahili, kwa hiyo lugha anayoichezea uwanjani humgeukia ngeni akiikuta kwenye karatasi. Kogo humtangulia neno kabla hajalifikia. Asubuhi moja mtoto aliruka mstari, kwa uvivu tu. Kogo akagonga kikombe mezani mara moja. Mtoto akarudi juu bila kuuliza ni wapi.

Wapo wanaosema haya yote yaliletwa na wamisionari, na kwa sehemu wana haki. Tenwek, ambako hospitali ya misheni ilianza mwaka 1937, ndiko neno lilikotokea kwa nyumba nyingi za hapa. Lakini asubuhi yenyewe haikuletwa na mtu. Kabla ya kitabu, boma la Wakipsigis, Wakalenjin wa huku, lilikuwa na mabwaita, madhabahu ya matawi iliyosimikwa upande wa mashariki wa nyumba, na mzee alimwomba Asis, Mungu wao, uso ukielekea jua linakochomoza. Ibada kubwa ya watu wengi pamoja iliitwa kapkoros. Siku hizi ukiuliza njia ya Kapkoros, huenda ukaelekezwa kwenye kiwanda cha chai.

Katika maombi hayo ya zamani mzee alitamka, umati ukaitikia. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, Zaburi hazikuhitaji kubisha hodi sana huku. Nyaraka za Paulo zilingoja zaidi. Zaburi ya 136 ina kiitikio kilekile katika mistari yake yote 26. Katika nyumba ile mtoto husoma nusu ya mstari, waliobaki humalizia hata wakiwa wanafunga viatu.

Januari mambo ni mepesi. Majani ya chai ni machache, mikono ina nafasi, na karo ya shule humfanya mtu aombe bila kukumbushwa. Shida huja na mvua za masika. Tarehe 27 Aprili ni zamu ya Zaburi ya 117, mistari miwili tu, na kila mtu husifu mpango huu. Siku mbili baadaye inafika ya 119: mistari 176, wakati michai imechipuka, vikapu vinajaa, na lori la kituo cha kupimia halimngoji mtu. Kogo alikataa ipunguzwe, akakubali igawanywe. Bahati njema imepangwa minane minane, mafungu 22. Matatu yalisomwa kabla ya kwenda kuchuma. Yaliyobaki yalingoja jioni, kurasa zikifunuliwa kwa vidole vilivyoingia weusi wa utomvu wa chai.

Zaburi ya 148, ya tarehe 28 Mei, inaitaja mvua ya mawe miongoni mwa vitu vinavyoitwa kumsifu Mungu. Vilima hivi vya Kericho, Bomet na Nandi vinajulikana kwa mvua hiyo. Ikinyesha kwa muda mfupi tu huchanachana machipukizi, na mkulima hukaa majuma bila cha kupeleka kituoni. Wiki iliyotangulia ilikuwa imepita upande wao wa mto. Mjukuu alipolifikia neno hilo alinyamaza, akainua macho.

"Kogo, hata hii?"

"Soma," akasema kogo, akasogeza kikombe karibu na mkono wake.